Mhunzi Aliyezika Fuawe Yake

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi ya Jumanne simu yangu iliita, na aliyekuwa upande wa pili ni kijana mwendesha pikipiki ninayemfahamu kwa sababu ya baba yake. Hakunisalimu. Alisema, "Papa, muzee ametuacha," akaongeza kama mtu anayetoa maelezo kwa polisi, "Ameenda wakati banafungua madirisha ya wodi." Muzee huyo hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu. Alikuwa mhunzi wa Munigi, pale barabara ya Rutshuru inapoanza kuuacha mji wa Goma, na nilimjua kwa miaka mingi kwa namna tunavyowajua mafundi wote: tunakwenda tukiwa na shida, tunakaa juu ya gogo kusubiri, tunazungumza, tunalipa, tunasahau hadi shida nyingine itokee. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba siandiki juu ya kila anayekufa. Katika mji huu nisingepata nafasi ya kuandika kitu kingine. Naandika juu yake kwa sababu pamoja naye kimekwisha kitu kilichoanza kabla Goma haijawa mji, na namna kilivyokwisha imeninyima usingizi.

Mara ya kwanza nilimwendea kwa ajili ya harusi. Mpwa wangu alikuwa anatoa mahari kwa familia moja ya Kibumba, na wazee wa upande wa msichana, baada ya kukubali ng'ombe wageuzwe kuwa dola, walikataa kuachia jembe. Kwa watu wa huku wanaosema Kinyarwanda jembe lilikuwa ndiyo mahari yenyewe tangu zamani, na hata leo, dola zikiwa zimekwisha kuhesabiwa, wengi bado hutaka kuliona mezani. Nilimwomba mhunzi anifulie dogo, jepesi, la kung'aa, linalofaa kufungwa utepe. Alinitazama kutoka upande wa pili wa moto. "Huyu bibi harusi, atalima wapi?" Nikamwambia hatalima, ni muuguzi. "Sikuuliza kazi yake. Nauliza udongo ya kwao." Nikasema Kibumba. "Basi kule kuko mawe chini ya udongo. Jembe ya kule inatakiwa shingo nene." Nikamweleza tena, polepole, kwamba jembe hili litatundikwa sebuleni. Mke wake, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, akacheka hadi ungo ukatikisika. "Papa, usijichokeshe. Huyu bwana yangu, ukimuomba sindano, atakuuliza unashonea nani." Mhunzi hakucheka. "Jembe ya kutundika kwa ukuta sifanyake," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikwenda Kibumba na jembe lililowatoa jasho vijana wawili, nikiwa nimejiandaa kuchekwa. Bibi yake bibi harusi aliligonga kwa ukucha, akalitia begani, akaondoka nalo kwenda shambani kwake kabla mpiga picha hajafika. Kwenye picha za harusi ile hakuna jembe.

Juu ya gogo lile ndipo niliposikia habari za baba wa babu yake. Mhunzi alizisimulia kama mtu anayezungumzia jirani aliyehama mwaka jana, ingawa alikuwa akisema juu ya mtu wa karne ya kumi na tisa, aliyeishi mahali ambapo leo tunapaita Kalengera, kabla mguu wa Mzungu haujakanyaga huko. Palikuwa na kijisoko njiapanda, watu wa chumvi wakikutana na watu wa maharage na wa mbuzi, na pembeni ya soko, upande ambao upepo haupeleki moshi kwa wauzaji, ndipo bwana huyo alipokuwa na kibanda chake. Alifua majembe, miundu, ncha za mikuki, na kengele za mbwa wa kuwinda. Alikuwa na wake wawili ambao hawakupatana na wana wa kiume waliopokezana mivukuto ya kupulizia moto. Katika nyumba ile wana wote walivukuta, lakini mmoja tu alirithi fuawe, lile pande la chuma ambalo mhunzi hulaza juu yake chuma cha moto ili akipige. Wengine walitafuta maisha kwingine. Waswahili husema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta; kwa watu hawa haikuwa methali, ilikuwa mpango wa urithi.

Siku moja wakaja watu wa vita, wakiteka watu na kuchoma nyumba. Bwana yule aliwasikia mapema, kwa sababu kelele za soko zilikatika ghafla. Hakukimbia mara moja. Alichimba shimo chini ya tanuri lake, akaizika fuawe, akarudisha udongo, kisha akawasha moto juu yake ili pale mahali paonekane hapajaguswa. Ndipo akaichukua familia yake wakaingia msituni. Waporaji walichukua mbuzi, wakachukua majembe yote waliyoyaona, wakaenda zao. Watu waliporudi hakuna nyumba iliyokuwa na cha kulimia, na mvua ilikuwa imekaribia. Mhunzi akafukua fuawe yake. Nyundo, marehemu alikuwa akiniambia, haikulala hadi kila shamba lilipopata jembe, na tangu siku ile watu wa Kalengera walimwita mwokozi wao. Habari hii niliisikia mara nyingi. Mbuzi waliongezeka au kupungua kulingana na siku, lakini mwisho wake ulikuwa uleule kila mara, sentensi iliyopita kutoka baba hadi mwana kama amri: "Fuawe haikimbie. Mutu njo anakimbia," yaani mtu ndiye akimbiaye. Yeye mwenyewe aliitii. Vita vilipomfukuza Kalengera akiwa kijana aliizika fuawe ileile, akarudi baada ya msimu mzima, akaikuta, akaisukuma kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hadi Munigi. Nani angemwambia mtu kama huyo kwamba mila yake haifai? Alikuwa ameipima mwenyewe, na ilikuwa imemjibu.

Kisha ikaja jioni ile mlima wetu wa moto ulipotapika mara ya mwisho. Sina haja ya kuieleza. Kila anayesoma hapa mjini anajua alikuwa wapi mbingu ilipokuwa nyekundu. Haya ya nyumbani kwa mhunzi nimeyapata kwake mwenyewe, kwa mke wake na kwa jirani yao, na yanalingana. Jirani ni msukuma chukudu. Alikuwa amekwisha kufunga magodoro yake na palikuwa na nafasi mbele. Kutoka Munigi kuja mjini ni mteremko, chukudu karibu hujiendea. Akasimama uani akaita, "Muzee, leta ile chuma, weka hapa! Njia ni ya kushuka, haitatuchokesha!" Mhunzi alikuwa amepiga magoti, anachimba. "Wewe enda. Fuawe haikimbie." Jirani akapiga kelele, "Muzee, mulima si mwizi!" Mhunzi akajibu bila kuinua kichwa, "Kila chenye kufukuza mutu kinarudiaka kwao. Tutarudi, tutachimba." Mke wake alikuwa barabarani, mjukuu mmoja mgongoni na mwingine mkononi. "Unazika chuma, na bajukuu bako banasimama miguu tupu!" Alimaliza kuzika. Akakanyaga udongo ukakaa sawasawa. Kisha, na hapa jirani bado hutikisa kichwa anaposimulia, akakusanya makaa yaliyosalia akawasha moto juu ya shimo, kama baba wa babu yake alivyofanya, ili asigundue anayekuja. Aliyekuwa anakuja ni moto wenyewe.

Asubuhi kiwanja chote kilikuwa mwamba mweusi unaofuka moshi. Hapakuwa na ukuta, mti wala njia. Mwamba ulikuwa umepanda kuliko kimo cha mtu. Familia ilikuwa salama, na kwa wengi wetu siku ile hilo lilitosha. Mhunzi aliomba hifadhi kwa jamaa, na mara tu mwamba ulipopoa kiasi cha kukanyagika alirudi na mtaimbo. Fundi mmoja wa magari, mtu mwema, alimletea kipande kizito cha ekseli ya lori kilichofaa kabisa kufulia. Nilikuwapo. Mhunzi alikigonga mara moja kwa nyundo, akasikiliza, akaiweka nyundo chini. "Hii inalia kama sahani." Fundi akasema, "Lakini muzee, bateja habanunuake mulio. Bananunua jembe." Akajibiwa, "Basi baende kununua dukani." Nao wakaenda. Majembe ya dukani yanatoka mbali, yana rangi nzuri ya kijani, na bei yake hata mtu wa Kibumba anaimudu. Yakivunjika wananunua mengine. Tangu jioni ile mhunzi hakufua tena kitu chochote. Mtu mwenye ufundi uliovuka vita na karne aliuacha kwa sababu hakuwa na kile kipande kimoja cha chuma.

Kazi yake ikawa kuvunja mwamba. Mtaimbo, nyundo, na mikono iliyozoea chuma laini cha moto ikipambana na jiwe baridi. Alichagua mahali alipoamini tanuri lilikuwa, akachimba hapo, na mawe aliyoyavunja aliyatupa kando, yakawa kilima. Mwanawe, yule wa pikipiki, aliwauzia wajenzi mawe hayo, na kwa hiyo mwamba uliozika fuawe ndio uliomlisha mhunzi. Vijana wavunja mawe wa pale walimzoea, wakamfanyia mzaha. "Muzee, ukitokea upande wa pili kwa Bazungu, utuite, kuko kazi!" Naye aliwajibu, "Nitakuita wewe kwanza, ujifunze kazi ya kweli." Nilipokuwa nikipita nilimuuliza amefika wapi. Jibu lilikuwa moja, "Bado kidogo." Siku moja alinieleza anachokitaka, na alikieleza wazi. Kijana wake alikuwa amejifunza kufua. Mikono alikuwa nayo, kuliko hata ya baba. Pikipiki ilikuwa ya kungojea tu. "Nikiitoa, nitaiweka mbele yake, nitakaa chini. Kisha Mungu anaweza kuniita." Nilimgeukia kijana aliyekuwa akipakia mawe. Alisema, "Papa, siku ile nitauza hii moto," na moto, kwetu, ni pikipiki. Sikujua kama alisema kwa imani au kwa heshima. Sasa najua kwamba alikuwa anaamini.

Nimefikiri sana, katika siku hizi za kilio, juu ya watu wa mji wetu na vitu walivyovizika. Benki zilipofunga milango, watu walichimba chini ya vitanda vyao. Wako walioacha nyumba vijijini wakiwa na funguo mfukoni, na funguo hizo bado wanazo, ingawa mlango hauko tena. Namjua mhandisi mmoja anayeuza makaa huku vyeti vyake vimefungwa katika nailoni tatu, vinangoja amani. Tumezaliwa na watu waliokimbia na wakarudi, basi tumejifunza kuacha kitu na kuhesabu kurudi. Lakini kurudi kwenyewe ndiko kulikokwisha. Waporaji wa zamani walikuwa na kwao, walishiba, wakaondoka. Kinachotufukuza leo hakina kwao pengine, kinakaa palepale tulipoondoka, kinakuwa ardhi. Siandiki haya kuwatisha wasomaji. Nimetafuta, kwa utaratibu ninaoujua, mfano mmoja wa miaka hii wa mtu wa hapa aliyezika kitu chake cha kazi akakifukua na kuendelea kama zamani. Sijaupata.

Kilioni, chini ya turubai, niliketi na wanaume, lakini upepo ulileta maneno kutoka upande wa wanawake. Mjane alikuwa anasimulia habari za baba wa babu wa mumewe, na niliposikia Kalengera nikategemea kusikia nyundo isiyolala. Alisimulia nyingine. Siku ile ya watu wa vita, alisema, mhunzi alipokuwa anazika fuawe, mke mdogo alimuomba amsaidie kubeba chungu cha maharage, akamwambia angoje. Muda ukaisha kwa kuchimba. Wakaingia msituni bila chakula, na binti mdogo wa yule mama akafia humo kwa njaa. Mama mmoja akauliza, "Na wewe nani alikuambia?" Mjane akasema, "Mama mukwe. Naye aliambiwa na wa kwake. Banaume bana yao, sisi tuna yetu." Akacheka kicheko kifupi kilichowafanya wengine waangalie chini. "Hii sikumwambia bwana yangu. Angeniuliza, fuawe ilipona ao haikupona?"

Jioni kijana alinisindikiza hadi barabarani. Alisimamisha pikipiki, hakuipanda. Alisema ana neno, na kwamba naweza kuliandika ilimradi nisitaje mtu. Baba yake alipolazwa, kifua kikiwa kimejaa vumbi la mawe, hospitali ilitaka fedha taslimu mbele ya kila dawa, na fedha taslimu mjini hapa ni kama mvua ya kiangazi. Akauza kiwanja. Mnunuzi alitaka kujenga, akaleta mashine ya kuvunjia mwamba, na kazi ambayo mzee aliifanya kwa miaka, mashine ikaifanya kwa siku chache. Baba hakuambiwa. Kila kijana alipoingia wodini aliulizwa, "Ulichimba leo?" Naye alijibu, "Nilichimba, papa." "Umefika?" "Bado kidogo."

"Kisha baliniita kwa simu," alisema. "Kapita, musimamizi wa kazi. Anasema, kijana, kuko chuma hapa, inafanana na kichwa ya ng'ombe. Iko ya kwenu? Haikuwa pale muzee alikuwa anachimba. Ilikuwa upande ule alikuwa anatupa mawe. Chini yake kabisa." Nilimuuliza alikuwa wapi simu ilipoita. "Mbele ya dirisha ya dawa. Muganga alikuwa ameandika serumu na sindano. Makuta, ile feza ya kiwanja, ilikuwa imeisha. Na kule kazini, mwenye kununua vyuma alikuwa anasimama na kilo yake ya kupimia, anasikia. Kapita ananiuliza, tukuwekee, ao tuuzishe? Mama wa dirisha ananiuliza, unalipa, ao unapisha mwenzako?" Alipangusa tangi la pikipiki kwa mkono wa shati, ingawa lilikuwa safi. "Nikasema, uzisha. Balinitumia feza kwa simu hapo hapo. Nikalipa. Nilirudi ndani, muzee akaniuliza kama nilichimba. Nikasema nilichimba. Alikunywa maji, alilala muzuri. Papa, mi ningefanya nini?"

Dawa ilimpa baba yake siku chache. Fuawe imepakiwa kwenye lori pamoja na mabati ya zamani na vyuma vya vitanda, na kule ilikokwenda imekwisha kuwa nondo. Kijana ameniambia hatauza pikipiki.

Safu hii imezoea kumaliza kwa fundisho, na nililonalo ni fupi, halina faraja. Baba wa babu yake alizika chuma kwa sababu siku ile hakuwa na njia ya kukibeba. Waliomfuata wakashika kuzika, wakaacha sababu. Chukudu lilikuwa limesimama uani, njia ilikuwa ya mteremko, na mtu mwenye akili timamu akachimba shimo. Mnaporithi tendo la wazee wenu, ulizeni lilikuwa jibu la shida gani, na ulizeni wanawake pia, kwa maana wao huhifadhi nusu ya habari ambayo haisimuliwi juu ya gogo. Lakini hata hili naliandika bila tumaini kubwa, kwa sababu aliyestahili kuliuliza amezikwa, na aliyestahili kurithi yuko barabarani anatafuta abiria. Nilimuomba kijana anieleze mwisho wa hesabu, na akanionyesha ujumbe ambao bado anautunza katika simu yake. Fuawe ya Kalengera, iliyoshinda watu wa vita wa karne ya kumi na tisa na vita vya kwetu, ilipimwa kilo ishirini na sita, ikalipwa faranga elfu kumi na tisa na mia tano.